Kwa Adelino Lameiras, Mshambuliaji na Kocha wa Operário: Ukweli Kuhusu Goti Langu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Februari ulipokaa kwenye kiti cha jikoni kufunga kamba za viatu, ukamwambia Mama supu imepungua chumvi, na usiinuke tena. Ulikuwa na miaka sabini na mitatu. Mama anasema kiatu cha kushoto ulikuwa umeshakimaliza.

Gazeti letu la hapa Lanheira hutoa nafasi ndogo kwa matangazo haya: picha, majina, misa saa ngapi. Mama alikwenda mwenyewe ofisini kwao akasema safari hii anataka ukurasa mzima.

"Ukurasa mzima, Bi Deolinda?" mhariri alimuuliza. "Una mengi hivyo ya kusema?"

"Mimi sina," Mama akamjibu. "Mwanangu ndiye anayo, tena amechelewa nayo karibu miaka ishirini na mitano."

Kwa hiyo kalamu ninayo mimi, Valdemar, mwanao wa mwisho. Nitaanza na yale ambayo mji mzima unayajua, kwa sababu ni matamu, na kwa sababu naogopa kufika kwenye yale mengine.

Uliingia kiwandani ukiwa na miaka kumi na minne, kwenye mapipa ya rangi ya sufu. Bibi alikuwa akisema anaijua siku ya wiki kwa kuitazama mikono yako: ya bluu ni Jumatatu, myekundu ni Alhamisi. Saa kumi na moja jioni king'ora kikilia ulikuwa unakimbia mteremko mzima hadi uwanja wa Operário, timu ya mji wetu, huku unatafuna mkate wa mahindi. Jeshi lilikuchukua miaka miwili, likakupeleka vitani Guinea, na habari za huko hukumsimulia mtu. Ulirudi, ukavaa jezi namba tisa, ukaivaa miaka kumi na miwili.

Walikuita Tesoura, Mkasi, kwa sababu ya lile bao la tikitaka la mwaka wa pili baada ya mapinduzi ya 1974. Mzee Hermínio, kipa uliyemfunga siku ile, alikuwa akija kwetu kila Krismasi, anavua kofia mlangoni, na kabla hata ya salamu anaanza:

"Ulikuwa umeotea, Adelino."

"Hermínio, mwaka wa arobaini huu. Hata refa tumeshamzika."

"Sawa. Nitamkuta huko huko nimuulize."

Wengi hawajui urafiki ule ulianzaje. Msimu uliofuata mligongana kwenye krosi, akavunjika mfupa wa bega. Mashabiki wetu walishangilia. Wewe Jumatatu ulipanda basi ukaenda kumwona hospitalini kwao, saa mbili za barabara ya mlimani, na jibini zima la kondoo kwenye mfuko. Ukaenda na Jumatatu ya pili, na ya tatu. Mkewe alidhani umetumwa na klabu. Ukamwambia, "Klabu haijui hata kama nimepanda basi, mama. Mimi ndiye niliyemgonga."

Ulicheza msimu mmoja katika timu kubwa ya Lisbon. Mechi tisa, bao moja. Watu walisema hukuweza. Mama anakumbuka kwamba kila Jumapili ulikuwa unampigia simu kutoka duka la chini ya nyumba uliyopanga, unamuuliza kama theluji imeshuka, nani kaoa, kiwanda kinafanya kazi zamu ngapi. Mwezi Juni ulirudi na sanduku moja. Walipokuuliza kulikoni, ukasema Lisbon macho hayana mlima wa kuegemea.

Kifundo chako cha mguu wa kulia ndicho kilichokutoa mchezoni. Miaka minne walikuchoma ganzi kabla ya kila mechi. Dakika tisini husikii kitu, siku tatu unatambaa. Ulitundika daluga ukiwa na miaka thelathini na minne, na tangu siku hiyo ulitembea ukichechemea. Walevi wa baa ya karibu na kanisa walikuwa wakikutania, "Mkasi umeshika kutu!" Nawe ulikuwa unasimama, unafungua na kufunga vidole viwili hewani, unawaambia, "Unakata bado. Leteni ndimi zenu."

Ukawa kocha, tena Operário hiyo hiyo. Miaka kumi na mitatu. Majina ya wachezaji wa siku ulikuwa unayaandika nyuma ya karatasi ya mkate. Ulijua jina la mama wa kila mchezaji. Viwanda vilipoanza kufungwa, ulikuwa ukizunguka na mabeki wako karakana hadi karakana kuwatafutia kazi, kisha saa kumi na moja jioni unawakimbiza uwanjani kana kwamba hukuwa nao mchana kutwa. Kelele zako za mapumziko bado watu wanazirudia: "Mabeki wangu, mbona yule straika mnamtazama tu kwa upole? Mnamchumbia? Basi mpelekeeni maua, au mkabeni!"

Na ulikuwa na sheria moja, ambayo hukuivunja kwa mtu yeyote: anayeumia hachezi. Hata nahodha. Hata fainali. Ulikuwa unawavulia soksi wachezaji wapya, unawaonyesha kile kifundo kilichovimba kama kiazi. "Niliwaruhusu wanichome sindano nikajiona shujaa," ulikuwa unasema. "Leo nikiamka nashika ukuta ndiyo nifike chooni. Nani anataka? Anyooshe mkono."

Hapo ndipo ninapoanza kuogopa, Baba.

Mei 1999 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nami ndiye niliyevaa tisa yako. Tulikuwa tumebakiwa na mechi moja, nyumbani, dhidi ya Vila Ruiva. Tukishinda tunabaki daraja, tukishindwa tunashuka. Mji mzima haukuongea jambo jingine wiki ile. Mimi nilikuwa na jingine. Nilikuwa nimepata habari kwamba watu wa timu moja ya ligi kuu kutoka kaskazini wangekuja kunitazama. Sikukwambia. Nilitaka wewe ushangae.

Jumanne, kinyume na amri yako, nilicheza na rafiki zangu kwenye sakafu ya kile kiwanda kilichofungwa. Niliteleza kwenye mafuta ya mashine za zamani. Goti la kushoto likalia, nikalisikia. Jumatano nilipanda basi peke yangu kwenda kwa daktari wa mifupa wa hospitali ya wilaya. Alilibonyeza, akalivuta, akanitazama.

"Limechanika nusu," akasema. "Wiki sita bila mpira. Ukicheza, hiyo nusu nyingine inakwenda."

Nilimshukuru, nikashuka ngazi, na barua aliyoniandikia nikaichana kituoni.

Jumamosi kwenye mazoezi mepesi uliniita pembeni.

"Mbona unachechemea?"

"Buti jipya, linanibana."

"Niangalie usoni. Goti vipi?"

"Zima kabisa, Baba."

"Uwanjani hapa hakuna Baba."

"Zima, Mwalimu."

Ulinitazama kwa muda. Quintino, mchua misuli wetu, alikuwa amesimama nyuma yako na chupa ya mafuta mkononi. Ulinipiga kofi dogo shavuni. "Haya. Kalilainishe buti lako vizuri."

Dakika ya sitini na moja ilikuwa bado sare. Nilipokea mpira na mgongo langoni, nikataka kugeuka kwa mguu wa kushoto, kama ulivyonifundisha. Mwili uligeuka. Mguu ulibaki. Watu wa jukwaani walisema baadaye kwamba mlio ulisikika mpaka kwa wauza karanga. Niliona uso wako ukija mbio kwa ule mwendo wako wa kuyumba, na nakumbuka wazo langu la kwanza. Halikuwa maumivu. Niliwaza: atajua.

Tulifungwa dakika ya themanini na nane. Operário ikashuka daraja.

Hospitalini Mama alikusubiri kwenye korido, mbele ya wauguzi, mbele ya nusu ya timu. Alikwambia, "Miaka yote unawaambia watoto wa watu wenye maumivu wasicheze. Wako mwenyewe umemtupa uwanjani kwa ajili ya pointi tatu. Umemla mwanao, Adelino." Ulivua kofia, basi.

Kisha uliingia kwangu. Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda, ukafungua mdomo useme kitu, nami nilikuwahi. Nilihofia kwamba ulitaka kuniuliza. Nikasema maneno ambayo dada yangu Ercília aliyasikia akiwa mlangoni, na ambayo leo nayaandika hapa ili nisiweze kuyakana: "Wewe hujawahi kuwa baba. Wewe ni kocha tu. Toka."

Ulitoka.

Siku iliyofuata ulirudisha funguo za uwanja. Mji huu, mnaosoma hapa mnajua, haukumpa Baba nafasi ya kupumua. Kwenye baa mtu alimwambia, "Lameiras, mguu wa mwanao umeutoa sadaka na bado tumeshuka!" Watu wakacheka. Mwingine aliandika kwa chokaa kwenye ukuta wa uwanja: MKASI UNAKATA WAKE. Baba alikwenda na ndoo, akaufuta mchana kweupe, huku magari yakipita.

Miezi miwili baadaye mwenyekiti wa klabu moja ya daraja la pili alikuja nyumbani kukuomba ukafundishe. Nilikuwa sebuleni, mguu juu ya mto, nikasikia yote. Ulimwandalia kahawa, ukamkatia jibini, ukamwambia, "Kocha ambaye goti la mwanawe lilimfia mikononi hana la kumwambia mtoto wa mwenzake." Yule bwana alisihi. Ulimsindikiza hadi kwenye gari. Ningeweza kuita kutoka pale nilipolala. Maneno matatu tu yangetosha: mimi ndiye niliyedanganya. Niliongeza sauti ya televisheni.

Hukufundisha tena. Mama alihamia chumba cha zamani cha Ercília, akakaa huko hadi mwisho. Mlikula meza moja, mliambiana habari za mvua na bei ya viazi. Mimi mwaka uliofuata nilikwenda Luxemburg, nikapata kazi ya kuendesha gari la duka la mikate, nikaoa, nikapata binti. Ercília ndiye aliyebaki nawe. Kila Alhamisi akitoka shule anakofundisha alikuja kula mchana nawe, akikuletea kazi za wanafunzi wake mzicheke pamoja. Asante, Dada. Wewe ulifanya peke yako kazi ya watu watatu.

Kila Januari ulinipigia simu. "Baridi imelifikia goti?" ulikuwa unauliza.

"Lipo," nilikuwa najibu. "Huyu hapa Noémia." Na simu nampa binti yangu.

Pengine ulikuwa unauliza kweli. Pengine ulikuwa unanifungulia mlango. Kila Agosti nilikuja likizo, wiki tatu, na kila Agosti siku ya kwanza nilijiambia: mwaka huu. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi la nje, wewe unamenya maharage, mimi natazama simu. Ulinieleza habari za timu. Sasa, baada ya kushuka na kushuka tena, ilikuwa ikicheza na vijiji. Ulikuwa unaitazama kutoka nje ya ukuta, pale lilipo tundu. Nilikuuliza mara moja kwa nini huingii, tikiti ni ya bure kwa wazee. Ukasema, "Hapa pananitosha." Agosti inaisha, nawasha gari.

Tukakuzika, Baba. Hermínio alikuja, ana miaka themanini na moja, akalia kuliko sisi sote. Operário ilileta shada dogo. Watu wa baa walikuja pia, wakasimama nyuma.

Tulipokuwa tunatoka makaburini, saa sita mchana, Quintino alinishika mkono. Sasa yeye ni mzee wa fimbo. Akaniketisha kwenye ngazi za kanisa.

"Aliniapisha nisiseme yeye akiwa hai," akaanza. "Sasa kiapo kimeisha. Valdemar, baba yako alijua."

Sikumuuliza alijua nini.

"Yule daktari aliyekupasua ndiye aliyekupima Jumatano," akasema. "Asubuhi iliyofuata alimwambia baba yako: kijana huyu nilimkataza, nilimpa barua. Mimi nilikuwepo. Baba yako alimshukuru, akamwomba asimwambie mkewe. Tukatoka nje."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia, nenda kaseme, mji mzima unakutukana! Akanijibu: 'Quintino, kijana ana miaka ishirini na miwili na mguu wake umekwisha. Akijua kwamba najua, atabaki na nafsi yake tu ya kulaumu. Mwache anilaumu mimi. Mimi nimezoea kuzomewa.'"

Nilitaka kuinuka, Quintino akanivuta chini.

"Kaa. Bado. Akaniambia na hili: 'Mimi najua kuchechemea. Nimechechemea miaka kumi na tano. Jumamosi nilimwona, nikajua si buti. Ila nilizihitaji pointi zile, Quintino, na nilitaka kumwona na tisa ile siku ile. Yeye alinidanganya mara moja. Mimi nilikubali kudanganywa.' Ndiyo maana hakufundisha tena. Si kwa sababu ya maneno ya watu."

Nilimwambia Mama na Ercília siku hiyo hiyo, jikoni. Ercília alinikumbatia, kisha akanipiga ngumi ya kifua, kisha akanikumbatia tena. Mama alikwenda chumbani kwenu, kile alichokihama, akafunga mlango. Tulimsikia akihamisha vitu. Jioni tulikuta amerudisha nguo zake zote kwenye kabati lako, amezitundika kando ya makoti yako, naye amelala upande wake wa zamani na mkono wake umenyooshwa kwenye upande wako.

"Nilimwambia amemla mwanawe," akasema bila kugeuka. "Mbele za watu. Na alinijibu kwa kuvua kofia."

Siku ya tatu ndipo aliponiambia niandike. "Walimtukana hadharani," alisema. "Na wewe utakiri hadharani. Na jina langu uliweke, nami nilikuwa miongoni mwao."

Basi, watu wa Lanheira, someni. Adelino Lameiras hakumlazimisha mwanawe kucheza na goti bovu. Mwanawe alidanganya, kwa sababu alitaka kwenda kaskazini akawe mtu mkubwa. Kisha akanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi na baba yake alikuwa na mgongo mpana. Mliomcheka, mimi ndiye niliyewapa cha kuchekea.

Na wewe Baba, nisikilize. Kosa ulilosema kwa Quintino, kwamba uliniona na ukakubali, nimelibeba mwaka mzima nikilitazama kila upande. Nimelikasirikia pia, siwezi kukuficha. Ungeniambia! Tungetukanana jikoni, Mama angetutoa nje wote wawili na ufagio, na kufikia Agosti tungekuwa tumechoka kukasirikiana. Miaka yote ile nilikuwa naogopa usije ukagundua, nawe ulikuwa umeshagundua kabla mshono haujakauka. Tulikaa kwenye benchi moja, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote wawili tulilijua. Simjui mtu wa kumpelekea hasara hiyo.

Nilidhani nikishaandika haya nitajisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi. Ila jana nimepita mbele ya baa ile na watu wakaniamkia, nami kwa mara ya kwanza nikatamani wajue wanamwamkia nani.

Misa itasomwa Jumapili saa nne asubuhi. Baada ya hapo Operário inacheza nyumbani. Klabu imetuachia viti sita vya jukwaani, lakini Mama amekataa. Amesema sote tutasimama pale nje ukutani, kwenye tundu, na atakayetaka kutupa mkono wa pole aje hapo.

Tunaokulilia: mkeo Deolinda, binti yako Ercília na mumewe Abílio, mjukuu wako Noémia, ambaye bado anakuulizia kila Januari, mkwe wako Fátima, mke wangu, rafiki zako Quintino Barroca na Hermínio, ambaye ameomba iandikwe kwamba hukuwa umeotea, na mimi Valdemar, mwanao, niliyekuambia utoke. Rudi, Baba, kwa njia yoyote ile wafu wanayorudia. Katika nyumba hii hutasahaulika hata siku moja.